Sikio la Injini Lataka Mji

Niliota usiku wa jana, wajukuu wangu, na msicheke kabla sijamaliza.

Nimesimama uani kwangu Muheza. Gari la marehemu babu yenu limefunguliwa boneti, na Fundi Shemdoe kainamia humo. Ni huyuhuyu aliyeahidi kuja leo asubuhi kuishusha injini na kuweka nyingine. Fundi hodari sana. Hajawahi kuona kikohozi asichokitibu kwa kubadilisha kifua.

Taa ya injini imewaka njano, na gari likiona mlima linalegea. Basi injini yote itupwe! Injini ambayo nikiisikia kona ya msikiti nilijua mume wangu anarudi, nikateleka chai.

"Shikamoo, bibi," sauti ikatoka ubavuni mwa injini.

"Marahaba. Nani wewe?"

"Nok sensa." Kilikuwa kidude cha duara kilichofungwa kwa bolti, kina sikio moja lenye hereni. "Kazi yangu kusikiliza. Injini ikigonga namwambia Bwana Kompyuta, naye anaituliza."

"Huyu naye mbovu," akasema fundi, spana mkononi. "Namng'oa."

Sensa haikukasirika. "Kitendawili!"

"Tega!" tukaitikia wote wawili. Nani anaweza kunyamaza?

"Mlinzi wangu husikia kila hodi, lakini mwenye nyumba hana habari."

"Mlinzi kiziwi," akajibu fundi bila kufikiri, maana kufikiri si kazi aliyoitiwa.

"Umekosa. Nipe mji."

"Chukua Korogwe."

Tuko Korogwe. Gari, boneti, mimi na kanga yangu ya kulalia, katikati ya stendi. Watu wanapita wanatuamkia vizuri tu. Juu ya gunia la machungwa ameketi Bwana Kompyuta, kavaa tai.

"Mimi sijaletewa habari yoyote," ananiambia. "Nisipoletewa habari, naamuru gari litembee polepole."

"Hukwenda kuuliza?"

"Bibi, mimi ni mkubwa. Mkubwa haendi kuuliza."

Nikamwomba radhi kwa kusahau.

Sensa inatega kilekile. Fundi anaruka: "Nyumba imeoza! Tubomoe yote!"

"Nipe mji."

"Chukua Mombo."

Tuko Mombo. Fundi anatabasamu kama mtu anayeshinda.

"Na wewe, bibi?" sensa inaniuliza. "Ukikosa, injini inashushwa hapahapa."

Nikakirudia kitendawili polepole. Mlinzi anasikia. Mwenye nyumba hana habari. Kati yao anapita nani?

"Mjumbe," nikasema. "Kakatwa njiani."

Sensa ikatoa chozi la oili. "Nifuate waya wangu, bibi."

Nikaupapasa kwa vidole, taratibu, mpaka nyuma ya betri. Hapo umetafunwa ukakatika. Kando yake ameketi panya mwenye miwani, anakula karanga nilizoficha humo ili kuku wasizione.

"Karanga nzuri," akasema. "Ungeweka na maji, nisingefika kwenye waya."

Nikazimenya ncha mbili za shaba, nikazisokota pamoja, nikararua pindo la kanga, nikazifunga. Fundi anatazama, spana imemning'inia.

"Umepata," sensa ikasema. "Aliyepata anarudi kwake. Aliyetoa mji anabaki mjini."

Nikaamka. Kumekucha, kuku wananidai pumba. Nikavuta kanga nijifunike, nikaona haina pindo upande mmoja.

Nikatoka na funguo, sikufungua hata boneti. Nikawasha. Taa ya njano ikaniangalia kidogo, ikazimika. Injini ikanguruma ileile, ya kona ya msikiti. Nikaenda kuteleka chai, mazoea tu.

Simu ikalia. Fundi Shemdoe.

"Shikamoo, bibi. Ile injini leo siwahi kuishusha."

"Marahaba, baba. Kuna nini?"

Akashusha sauti. "Usiniulize nimefikaje, bibi. Niko Mombo, sina viatu."

Nikamwambia asiharakishe.