Bega la Pili

"Bonyeza basi, Kimya! Au hujala tangu jana?"

Kaka yake alikuwa amelala kifudifudi juu ya kitanda cha tiba, uso umezama kwenye tundu la kitanda, na sauti yake ilitokea chini kama ya mtu aliyetumbukia pipani. Hakuweza kumwona mdogo wake. Alichoona ni sakafu na ndala za Kimya tu.

Kimya alikunja mikono ya nguo yake. Jina hilo alipewa nyumbani tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kumuuliza kama analipenda. Alichovya vidole kwenye bakuli la mafuta ya ufuta lililokuwa likipata joto ndani ya maji moto, akayasugua viganjani, kisha akaiweka mikono yake juu ya mgongo ule bila kubonyeza. Ndivyo alivyofundishwa. Mikono ianze kwa kusalimia.

Mgongo haukuitikia. Ulikuwa mgumu kama ubao, na mabega yote mawili yalikuwa yamepanda karibu na masikio, kama mtu aliyesikia kishindo, akajikunja, akasahau kujikunjua.

Tiba hii ya Ayurveda, ukandaji wa mafuta uliotoka India, alifundishwa na mzee mfupi waliyemwita Mwalimu, ambaye saa hiyo alikuwa nyuma ya pazia akishughulika na goti la mama mmoja mwenye maneno mengi. Mwalimu hakuwa na sheria nyingi. Kidole kinashuka mgonjwa akitoa pumzi, kinapanda akivuta. Na mgongo ukianzwa, humalizwa pande zote mbili, maana bega moja likilegea na jingine likabaki limekaza, mwili mzima huenda upande.

"Toa pumzi, kaka."

"Natoa."

"Hutoi. Umeibana."

"Haya, mganga." Akacheka kidogo, akaguna kwa maumivu. "Sasa sikia. Jumamosi nakuja na gari. Uwe umeshafunga virago."

"Kwenda wapi?"

"Nyumbani, wapi tena? Tulikaa kikao juzi, sisi kaka zako wote. Baba hainuki tena. Anataka mtu wa kumgeuza, kumwogesha, kumlisha. Tukaona wewe ndiye unayefaa. Mume huna, mtoto huna, na mikono, masha'Allah, unayo."

Kidole gumba cha Kimya kilikuwa juu ya ile pointi iliyo kati ya shingo na bega, pale misuli inapojifunga fundo. Kikashuka. Kilishuka wakati kaka yake anavuta pumzi.

"Yalaa! Unaniua, wewe!"

Akaondoa mkono kama aliyegusa jiko. Tangu aanze kazi hapa hakuwahi kukosea hivyo, hata alipokuwa mwanafunzi anayetetemeka mbele ya migongo ya watu. Mwalimu alimwambia siku ya kwanza kabisa: hasira ina uzito wake. Ukibonyeza nayo hutajua kinachoshuka ni kidole au ni hiyo hasira.

Akaenda kwenye karai pembeni ya chumba, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko.

"Kimya? Mbona sizioni ndala?"

Maji yalikuwa vuguvugu. Aliyatazama yakichuruzika na mafuta, na akilini akamwona bibi yake kitandani, akajiona na yeye mwenyewe amesimama mlangoni na sare ya shule, begi mgongoni. Alikuwa darasa la tano. Siku hiyo pia kulikuwa na kikao, cha nani amuuguze bibi. Baba alimvua begi kwa mkono wake mwenyewe, taratibu, hata kwa upole, akalitundika kwenye msumari. "Ni kwa muda tu," alisema. Bibi akaishi. Akaishi mpaka wenzake Kimya wakamaliza shule, wengine wakaolewa, na begi likatobolewa na panya pale pale kwenye msumari. Kaka zake watatu hawakukosa hata kipindi kimoja.

Akajifuta mikono, akarudi. Ndala zikaonekana tena.

Alianza upya, upande wa kulia. Safari hii alisubiri pumzi. Ilipotoka, kidole kikashuka nayo, kikazunguka polepole, kikakaa. Ilipoingia, kikainuka. Akateremka ukingoni mwa fupa la bega, pointi baada ya pointi, na hasira ilikuwepo, lakini aliibana kwenye meno, haikufika vidoleni. Chini ya ngozi alizikuta kamba za misuli zimesokotwa kuelekea juu. Aliwahi kuzikuta kwa wauguzi, na kwa akina mama wenye watoto wasiotembea.

"Unamwinua baba peke yako," alisema.

Kichwa cha kaka kikasogea ndani ya tundu.

"Nani mwingine?"

"Si mlikaa kikao watatu?"

"Mkubwa ana presha, unajua. Wa pili naye haachi duka hata kwa mazishi."

"Kwa hiyo walikutupia wewe."

"Walinitupia, ndiyo! Wenyewe wakija wanakaa pembeni ya kitanda wanasema 'pole, baba', wanakunywa chai, wanaondoka. Mzigo wa mwenzio kanda la usufi!" Sauti ilimpasuka. Bega la kulia likashuka ghafla chini ya kiganja cha Kimya, likalala, likawa bega la mtu. Kaka akatoa pumzi ndefu, iliyotetemeka mwishoni, na tone moja likaanguka sakafuni karibu na ndala.

Kimya aliliona. Nusura aseme kitu cha upole.

"Ona mikono hii!" kaka akasema, akivuta makamasi, amechangamka. "Baba atafurahi mpaka apone. Na wala usiogope, mdogo wangu. Ni kwa muda tu."

Kimya alichukua taulo, akamfunika nalo mgongo wote.

"Vaa shati, kaka."

"Tumemaliza? Mbona hili la kushoto bado?"

"Siji."

Kaka akainua uso kutoka kwenye tundu. Alama nyekundu ilimzunguka kama aliyebusiwa na sufuria. "Umesemaje?"

"Jumamosi siji. Usilete gari."

"Alaa! Kimya naye ana mdomo!" Akajaribu kucheka, akatazama pazia kuona kama kuna anayesikia. Mama wa goti alikuwa amenyamaza ghafla. "Baba yako anaoza kitandani, wewe unabaki hapa kushikashika migongo ya watu?"

"Mgongo wako umeuleta mwenyewe." Sauti ilimtetemeka, lakini ilitoka. "Mlikuwa na migongo mitatu kwenye kikao. Mkachagua wa nne, ambao hamkuuita. Jumapili nitakuja kumkanda baba. Nitakuja kwa miguu yangu, na jioni nitarudi kwa miguu yangu. Na hilo bega nitalimaliza siku utakayokuja kuniuliza. Leo hukuniuliza. Umeniambia."

"Hasira hasara, mdogo wangu."

"Hasara ya nani?"

Kaka alishuka kitandani. Alivaa shati kwa taabu, mkono wa kushoto ukigoma kuingia. Kimya aliuona ukihangaika, mikono yake mwenyewe ikamwasha kwa kutaka kusaidia. Akaificha nyuma.

Kaka alipotoka, pazia likasogea. Mwalimu alitazama kitanda, kisha akamtazama yeye.

"Umeacha nusu?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kesho itamuuma kuliko leo."

"Najua."

Mzee alilivuta pazia. Akarudi kwenye goti.

Kimya akasogea dirishani. Kaka yake alikuwa akiteremka barabara, bega moja chini, jingine sikioni, kama koti lililotundikwa vibaya. Mkoba aliouvaa begani ulikuwa ukiteleza kwenye lile bega lililolegea. Akaupandisha. Ukateleza. Akaupandisha tena, ukateleza tena, na mwenye kibanda cha viatu akamtazama. Penye kona akasimama. Akaugeukia mlango aliotokea, akautazama kwa muda mrefu, kisha, kwa uangalifu, akauhamishia mkoba kwenye bega linalouma.

Nyuma ya Kimya, mafuta yalikuwa bado ya moto. Kwa kawaida yakibaki humwagwa. Aliyafunika kwa kisahani.