Ukuta Nyuma ya Madhabahu

Kikanisa cha kambi yetu ya mafungo, hapa ziwani Minnesota, kilijengwa na ndugu wawili: baba yangu, Mchungaji Hjalmar Nygaard, na mdogo wake Torvald, aliyekuwa mwashi. Mawe waliyaopoa ziwani kwa mikono yao, kiangazi cha mwaka 1934.

Nyuma ya madhabahu Baba mdogo aliacha uwazi wa dirisha kubwa, watu wasali wakilitazama ziwa. Baba hakupenda. Baba mdogo alipokwenda mjini kuchukua kioo, Baba akauziba kwa mawe.

Nilikuwepo aliporudi, kioo kikiwa bado garini.

"Kaka, umefanya nini?"

"Watu waje kusikiliza Neno, Torvald, si kutazama bata."

"Kwani bata kaumbwa na nani?"

"Chunga ulimi. Mchungaji hapa ni mimi."

"Haya, baki na ukuta wako. Tena umepinda! Hata kuku wangekataa kulala humo."

Akageuza gari. Akahamia Oregon, na kwa miaka ishirini na miwili hakutia mguu hapa.

Kiangazi cha 1956 mimi ndiye niliyekuwa mpishi wa kambi. Asubuhi moja Baba akanipa bahasha.

"Gudrun, mwanangu, itie posta leo. Nimemwambia aje afungue dirisha lake."

Tulikuwa na wageni mia mbili na samaki hawajaparwa. Nikaitia mfukoni mwa aproni, nikajisemea kesho. Kesho ikazaa kesho. Niliikumbuka baada ya wiki tatu, nikakimbia nayo posta. Siku ya pili ikaja telegramu: Torvald amefariki, moyo umesimama.

Baba alichukua nyundo na tindo, akaubomoa ukuta peke yake, mzee wa miaka sabini na mmoja, akikataa kusaidiwa. Siku ya tano nilimpelekea kahawa. Alikuwa amekalia kifusi, vumbi hadi kwenye kope.

"Gudrun, barua yangu aliipata?"

"Aliipata, Baba."

"Basi alijua."

"Alijua."

Wiki iliyofuata mjane wa Baba mdogo akairudisha barua, haijafunguliwa. Niliichoma kwenye jiko la kambi kabla Baba hajaamka. Alifariki miaka minne baadaye, naye hakuniuliza tena.

Siku hizi maharusi wanagombea kufunga ndoa mbele ya dirisha lile. Wageni wakiniuliza ni kazi ya nani, nawatajia Baba mdogo. Wengine huuliza kama aliwahi kuliona limekamilika. Nawaambia hapana, kisha naenda kupanga viti.