Aliyelala Anapisha

Kitu cha kwanza Semeni alichokiona kwenye gemu mpya ya mieleka hakikuwa jasho la wapiganaji, wala moto uliolipuka kila mmoja wao alipoingia ulingoni. Alimwona mzee mmoja kwenye safu ya tatu ya watazamaji, aliyebaki amekaa wakati wenzake wote wamesimama.

Kwenye mieleka ya mwaka uliopita, watazamaji walikuwa kama picha zilizokatwa kwenye boksi la sabuni. Walinyanyuka pamoja, wakakaa pamoja, na ukiwatazama vizuri uliona ni sura zile zile chache zimerudiwarudiwa mpaka ukumbi ukajaa. Safari hii kila mmoja alikuwa na mikono yake. Na yule mzee, watu wanarushwa, ngazi zinavunjika, yeye katulia tu. Semeni akampenda papo hapo. Alitamani kumwonyesha mtu, lakini hakumwonyesha.

Ndivyo alivyokuwa. Jina hilo alipewa na bibi yake kule Kinole, mlimani, na kila aliyelisikia mjini alilifanyia mzaha. "Semeni hasemi," watu walizoea kumtania. Alikuwa darasa la tano alipowekwa ndani, mwali kama dada zake, akafundishwa kutazama chini na kujibu kwa kichwa. Alipotolewa, wenzake wa darasani walikuwa wameshafika mbali na hakuna aliyekumbuka kumrudisha. Kisha mjomba wake, Mwinjuma, akapanda mlimani kumwomba aje kumsaidia kazi. Na kwa Waluguru, mjomba akishasema, limesemwa.

Mjomba Mwinjuma alikuwa na banda la gemu Msamvu, nyuma ya stendi. Kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa kimepata mwenyewe mpya, na mwenyewe mpya hakuwahitaji watu wote. Miaka ile kila mtu aliuza kile kilichomwangukia mkononi: mitumba, redio, miwani, mafuta ya nywele. Mjomba aliangukiwa na televisheni kubwa na mashine moja ya gemu. Mashine ilikuwa na michezo mingi, ila vijana wa Msamvu waliutaka mmoja tu, mieleka.

Kila mwaka ukielekea ukingoni, Rehani, mchuuzi wa CD aliyeishi kwa kwenda Kariakoo na kurudi, alileta mieleka ya mwaka mpya. Mapatano yake na mjomba yalikuwa mepesi: mpya ikiingia, ya zamani inarudi kwake. Yeye huipeleka Kisaki kwa rafiki yake mwenye jenereta. "Kisaki hata ya juzi ni ya kesho," alikuwa akisema.

Sasa, banda lile lilikuwa na sheria zake. Anayetaka kucheza anaweka mezani kizibo cha soda, na kazi ya Semeni ilikuwa kuvipanga vizibo hivyo kwa foleni na kuvisogeza, cha anayeanza kucheza kikitoka mezani. Kizibo kikiwa mezani, CD haitolewi kwenye mashine, hata aje nani. Ukilazwa, yaani ukishindwa, unampisha wa nyuma yako, na aliyekulaza huwezi kumwekea tena kizibo mpaka yeye naye alazwe. Lakini sheria iliyopendwa kuliko zote ilitokana na ugomvi. Zamani ilikuwa kila pambano likiisha, huyu anadai alinyanyuka kabla refa wa gemu hajahesabu tatu, yule anadai refa huyo alikuwa ameduwaa. Mjomba akachoka. Akaamua mshindi atamke mwenyewe, kwa sauti, mbele za watu: "Pisha." Asipotamka, pambano limekufa, na aliyelala anaendelea kukaa pale pale na pedi yake ya kuchezea.

Basi neno hilo Semeni alilisikia kutwa. Pisha, pisha, pisha. Lilikuwa kama kelele za makondakta huko stendi, hakuna tena anayelisikia.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba Semeni naye alicheza. Asubuhi, kabla banda halijafunguliwa, mjomba alimwachia kazi ya kuipasha moto mashine na kuangalia kama CD haijakwaruzika. Semeni aliiangalia sawasawa. Aliiangalia kwa kupigana. Kwenye mieleka ya mwaka uliopita mlikuwa na mwanamke mmoja mwenye misuko mirefu, ambaye vijana hawakumchagua hata siku moja. Semeni alimchukua yeye. Hakujua kulisoma jina lake la Kiingereza, akamwita Mwenye Misuko. Alijifunza kupita naye chini ya mkono wa jitu, kulikamata kiunoni kwa nyuma, na kulitupa chali. Kila jitu lilipoanguka, alicheka peke yake huku kajiziba mdomo kwa kanga.

Siku CD mpya ilipoingia, banda lilifurika. Jasho lilionekana likichuruzika. Nywele zilitikisika. Mtu akipigwa jichoni, jicho linavimba. Kwa raha hiyo watu waliyasamehe mengi. Walisamehe kusubiri, maana kabla ya kila pambano mashine ilikaa ikifikiri mpaka mtu anamaliza muhindi wa kuchoma. Walimsamehe refa, aliyeendelea kutazama dari kama mwaka jana, na hata kichwa cha mpiganaji kilichopenya kwenye kamba kama kamba ni moshi.

Kilichowachanganya ni orodha ya mwanzo. Maneno yake yalikuwa ya Kiingereza, na pale bandani hayakusomwa, yalishikwa kwa mahali. Pambano la kawaida lilikuwa la tatu kutoka juu, na kila mtu alijua hivyo tangu mwaka juzi. Athanas, mpiga debe wa mabasi ya Dodoma, akawa wa kwanza kukamata pedi. Akashuka hadi la tatu, akabonyeza.

"Mbona sipigi?" aliuliza baadaye, vidole vikihangaika.

"Utapigaje na wewe ndiye refa?" Evance alimjibu. Evance alikuwa bingwa wa banda, kijana wa kule mashamba ya miwa ya Kilombero, na hakuacha watu wasahau ubingwa wake. "Tazama shati lako hilo, umekuwa pundamilia."

"Mimi nimeweka la tatu, kama siku zote."

"La tatu la mwaka huu ni ajira, bwana. Hongera. Kapige magoti uhesabu watu."

Banda lilicheka mpaka wapita njia wakachungulia. Semeni naye alicheka, kichwa kaegemeza ukutani.

Asubuhi iliyofuata alimtafuta Mwenye Misuko. Alimpata, na kwa kweli alikuwa amependeza. Kila msuko ulicheza peke yake, na sikioni alivaa kipuli kilichometameta. Semeni akamchagulia jitu la kupigana nalo. Mwenye Misuko akatoweka kwenye orodha. Akajaribu tena kwa kuanzia na jitu. Wanawake wote wakafutika. Alihangaika hadi akaelewa. Mwaka huu wanawake walipigana wao kwa wao tu, na walikuwa wachache, na pambano lao lilikwisha kabla hujakaa vizuri. Kwenye mapambano ya wanaume Mwenye Misuko aliruhusiwa kitu kimoja: kuingia ameshikwa mkono na mpiganaji, kisha kusimama nje ya ulingo na kupiga makofi.

Mwaka jana alipigana, aliwaza Semeni. Mwaka huu anasindikiza.

Kule safu ya tatu, yule mzee alikuwa amekaa, hapigi makofi. Semeni alimwona ana akili.

Tangu hapo alikuwa na shauri moja tu kichwani. Rehani angekuja Jumamosi kuichukua CD ya zamani, na ikishakwenda Kisaki, Mwenye Misuko hatapigana tena na mtu pale Msamvu. Alimpelekea mjomba chai, akabaki amesimama.

"Kuna nini, mpwa wangu?"

"Hamna, mjomba."

Akapeleka na maandazi. Akasimama tena.

"Mbona kama una neno?"

"Hamna."

Jumamosi ikafika, na Rehani na begi lake. Lori la Kisaki lilikuwa likipakia, kwa hiyo hakutaka hata kukaa. Lakini siku hiyo CD mpya ilikuwa na vituko vyake. Evance alimnyanyua Athanas juu ya kichwa, na hapo hapo picha ikaganda. Athanas akabaki hewani, miguu juu.

"Nishushe basi," Athanas alisema.

"Kaa huko huko, unapata upepo."

Mjomba akaizima na kuiwasha. Ikaganda tena. Watu wakanuna, wengine wakaanza kuinuka. "Weka ya mwaka jana watu wamalizie hamu," mjomba alimwambia Semeni. "Rehani, vumilia kidogo."

Ikawekwa. Evance akamlaza Athanas. Akamlaza fundi baiskeli. Akamlaza kila aliyekuwa na kizibo, na kila mara akapiga "Pisha" yake ndefu ya kuudhi, mpaka meza ikawa tupu.

"Hakuna mwingine?" aliuliza. "Basi nitakwenda kujitafutia wapinzani Dar."

"Haya, meza nyeupe," Rehani alisema. "Nipeni changu, lori litaniacha."

"Semeni, itoe umpe," mjomba akasema.

Semeni alifika kwenye mashine na kunyoosha mkono. Mkono haukubonyeza. Ulirudi kwenye pindo la kanga, ukafungua fundo, ukatoa kizibo kilichobonyea upande mmoja, cha soda ya chungwa, alichokuwa akitembea nacho kwa muda mrefu. Akakiweka mezani.

"Cha nani hicho?" Evance aliuliza.

Semeni akajigusa kifua.

Wakacheka, ila si kwa ubaya. Mjomba alimtazama mpwa wake, akaitazama meza. "Kizibo kikiwa mezani haitolewi," alisema taratibu. "Kaa, mama."

"Njoo nikufundishe, dada," Evance alisema. "Nichukue mtoto mdogo nisije nikakuumiza?"

Semeni akatikisa kichwa, akamwonyesha jitu kwa kidole. Evance akalichukua. Semeni akamchukua Mwenye Misuko.

"Umekosea, umeweka mwanamke."

Semeni akaishika pedi. Kengele ikalia. Jitu likaja na mkono wake kama gogo, Mwenye Misuko akapita chini. Likageuka, akapita tena. Lilimdaka mara moja, likambamiza, na banda zima likasema "ah" kwa huruma. Akanyanyuka. Jitu likaurusha mkono mara nyingine, na safari hii alipopita chini hakwenda mbali. Alilizunguka, akalikamata kiunoni, akalitupa chali. Akalilalia. Refa akatazama dari, kisha akakumbuka kazi yake. Moja. Mbili. Tatu.

Huko nje lori likapiga honi. Athanas ndiye aliyezinduka kwanza, akatoa kizibo mfukoni akakishika juu ya meza. Fundi baiskeli naye akatoa chake. Ila Evance alikuwa amewalaza, hawakuruhusiwa kuviweka mpaka apishe, naye alikuwa bado amekaa.

"Refa aliduwaa," alisema.

"Evance, umelazwa," Athanas alimwambia. "Nyanyuka, nina kizibo hapa kinaota kutu."

"Nani kasema nimelazwa? Mimi sijasikia neno. Sheria ni sheria, si ndiyo, Mzee Mwinjuma?"

Mjomba alikuna kidevu. Alitamani iwe vingine, lakini sheria aliitunga mwenyewe. "Ni sheria," akakubali.

"Basi pambano limekufa, na meza ni nyeupe. Mpeni Rehani mali yake."

Rehani akafungua zipu ya begi. Wote wakamgeukia Semeni, na Semeni akatazama chini, kama alivyofundishwa. Vidole vyake vilikuwa bado juu ya pedi, vina joto. Kwenye televisheni Mwenye Misuko alikuwa amenyanyua mikono katikati ya ulingo, na nyuma yake watu wa karatasi walisimama wote pamoja, hakuna hata mmoja aliyekaa.

Semeni akainua uso.

"Pisha, kaka Evance."