Mkono Uliotoka Dirishani

Daktari bingwa aliinua picha ya figo mbele ya taa, akaishusha, akaanza kutafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake.

"Uvimbe wenyewe mdogo," alimwambia Mama Pindo, mshona nguo. "Ila umekaa pabaya. Nyuma kabisa ya figo, umeegemea mshipa mkubwa wa damu."

"Si mna roboti? Redio haina wimbo mwingine."

"Tunayo, Mama. Lakini matokeo yake ni mazuri mno. Kila tuliyemfanyia amepona. Wewe ukiharibika mezani, utatuchafulia. Bora tutoe figo nzima kwa kisu cha kawaida."

Mama Pindo alikuwa na figo hiyo hiyo moja. Ya pili alimpa mdogo wake, kinyozi, siku nyingi zilizopita. Ikitolewa na hii, angebaki kuishi kwa kufungwa mashine ya kusafisha damu.

"Basi matokeo yenu myaoe kabisa," alisema, akachukua mkoba wake, akaondoka.

Jumamosi mchana alikuwa anashona sare, kinyozi kakaa pembeni kanywea.

"Dada, nikurudishie yako?"

"Hiyo? Umeshaichosha kwa soda. Kaa nayo."

Ndipo mkono wa roboti ukabisha hodi. Ulikuwa umetoka kwenye dirisha la chumba cha upasuaji, ukaruka ukuta wa hospitali, ukasubiri magari yapite, ukaja ukijirefusha mtaa kwa mtaa. Jirani muuza mkaa aliuinulia kamba ya nguo.

"Shuka zangu bado mbichi," aliuonya. Mkono ukainama.

Mama Pindo aliondoa vitambaa mezani, akalala ubavu. Mkono ulikuja na dawa ya usingizi na kila kitu chake. Kinyozi alishika tochi tu, akaambulia kupigwa kikofi alipotaka kuchungulia. Mama Pindo alipozinduka, uvimbe ulikuwa kwenye bakuli la vifungo na figo ilikuwa mahali pake, kazini.

"Umeshona vizuri," alisema akilikagua kovu. "Ila uzi umefuja."

Mkono ukarudi ulikotoka, polepole, maana shuka zilikuwa bado kambani.

Mama Pindo alipokwenda kupimwa, daktari bingwa alipiga picha naye. Ikabandikwa ukutani: HATA ULIOJIFICHA TUNAUFIKIA. Chini yake, kwenye benchi, kando ya Mama Pindo, alikaa dereva wa lori aliyetoka kuonana na daktari huyo huyo.

"Wamesema wangu umekaa pabaya," alisema dereva. "Niende nyumbani kwanza."

"Una dirisha kwako?"

"Lipo."

"Liache wazi."

Lakini nje fundi wa kuchomelea alikuwa anamalizia nondo kwenye dirisha la chumba cha upasuaji. Alikuwa fundi kweli. Hata kidole kisingepita.

Mama Pindo alisimama, akaibandua picha yake ukutani, akaikunja mara nne, akaitia mkobani. Mhudumu, aliyekuwa na bunda zima la picha hiyo hiyo, akabandika nyingine, akazipapasa pembe zikae sawa.