Nusu Sekunde Kabla ya Kubonyeza

Usingizi wa jana mchana ulinikuta na pampu ya mpira mkononi, kioo cha kamera nimekisafisha nusu, nikaota.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana ndoto iliendelea palepale kazi ilipokatikia. Kamera yangu ni ya zamani kidogo. Nyuma ya lenzi ina kioo kidogo, na ukichungulia unaona kwa msaada wa kioo hicho. Ukibonyeza, kioo kinanyanyuka kupisha mwanga uende kwenye picha, na wewe unaona giza kwa muda wa kupepesa jicho. Kwa hiyo katika picha zote nilizopiga hapa Njombe kwa miaka tisa, ile nukta yenyewe ya picha sijawahi kuiona hata moja. Niligundua hilo mwenyewe, bila mwalimu, na sijaamua kama ni jambo baya.

Kioo kikipata vumbi nakipulizia. Kabla ya kupulizia huandika kwenye daftari namba ya picha ya mwisho, mazoea tu. Jana niliandika 41,206. Mvua ilikuwa inanyesha, umeme umekatika, wateja hakuna.

Mke wangu Twilumba alifariki mwaka juzi. Nina picha zake kumi na moja, zote nilizipiga kwa kamera hii, na katika zote amenuna. Hakuwa mtu wa kununa. Alikuwa anacheka mpaka ninapobonyeza, hapo anavaa uso wa picha, ule waliouvaa mama zetu mbele ya mpiga picha: mdomo umefungwa, macho mbele, kama anaapishwa. Kicheko chake kilikuwa nusu sekunde kabla ya kidole changu.

Ndiyo maana nafuatilia tetesi za kamera mpya zisizo na kioo. Rafiki yangu Nyagawa, mpiga picha wa Makambako, hunitumia kila anachosikia. Anasema hizo za kitaalamu zinaanza kuhifadhi picha kabla hujabonyeza, na ijayo itarudi nyuma kuliko zote. Najua hesabu haikubali, hakuna kamera itakayorudi mpaka mwaka juzi. Bado nafuatilia.

Basi ndotoni ujumbe wa Nyagawa ukaingia dukani kwa miguu, umelowa. Ukajifutia kwenye pazia la bluu la picha za pasipoti.

"Fundi," ukasema, "ile kamera iko kliniki. Wahi foleni."

"Imetoka?"

"Haijatoka. Imeonekana tu."

Nafunga mlango, nageuka, na tayari nimeketi kwenye benchi la kliniki.

Mapokezi kuna koti. Ni koti langu jeusi la studio, lile la msumarini, ambalo humwazima kila anayetaka pasipoti na hana koti, pamoja na tai yake iliyoshonewa hapohapo. Hakuna mtu ndani yake. Limekaa wima, kalamu iko kwenye mkono wa kulia.

"Jina," likasema.

"Si unanijua?"

"Nawajua walionivaa. Wewe hujawahi kunivaa."

Nikataja jina, Obadia Mligo. Likaandika.

Benchini zilikuwa zimekaa sifa za kamera mpya, zinasubiri kuthibitishwa. Kulia kwangu alikuwa Fremu Mia Mbili kwa Sekunde. Alipopiga chafya ilitubidi tumpe pole mara mia mbili. Kushoto alikuwa Kufuata Jicho, dada mpole mwenye kimraba cha kijani, anayekibandika kwenye jicho langu kila ninapogeuka.

"Samahani, shemeji," akasema. "Si kwa ubaya. Ndiyo kazi yangu."

"Umesubiri tangu lini?"

"Mwaka wa pili huu. Kila mwezi tunaambiwa mwezi ujao."

Mlango wa ndani ukafunguka, kamera yenyewe ikatoka. Ilikuwa haionekani vizuri, kama kitu kilichoko nyuma ya mvuke. Nikafikicha macho.

"Shikamoo, mzee," ikasema. "Usihangaike na macho. Mpaka leo nimepigwa picha moja tu, kwa siri, kwa simu, na mtu aliyekuwa anatetemeka. Nitabaki hivi mpaka nitoke."

"Marahaba. Na upande wako wa kushoto uko wapi?"

"Huo haujathibitishwa."

Nikauliza lililonileta. "Unarudi nyuma kiasi gani?"

"Inategemea unamsikiliza nani. Wapo wanaosema nusu sekunde. Wapo wanaosema sekunde tatu. Kuna mmoja wa Makambako anasema mpaka watu watachoka."

"Huyo ni rafiki yangu."

"Mwambie apunguze. Mimi ndiye nitakayekuja kuulizwa."

"Nusu sekunde inanitosha," nikasema. "Kicheko cha mke wangu kiko hapo, kabla ya kubonyeza."

"Basi mlete akae mbele yangu, ubonyeze."

Kufuata Jicho akakiondoa kimraba chake, akatazama sakafu.

"Ameshaondoka," nikasema.

"Pole sana, mzee." Kamera ikasogea karibu, ikazidi kufifia. "Hapo siwezi. Yeye ameondoka, mimi sijafika. Hatukuonana hata njiani."

"Mimi nilimwona."

Sauti ilitoka mfukoni mwangu. Nikaitoa kamera yangu ya zamani. Aliyesema ni kioo, nusu yake safi, nusu ina vumbi.

"Kadi ya kuhifadhia ilipewa uso wa picha," kikasema. "Kicheko nilipewa mimi. Mara kumi na moja."

"Mbona hukusema siku zote hizi?"

"Kila nikianza kusema unanipulizia."

Koti likafungua kitabu cha kanuni, likalamba kidole ambacho halina, likafunua kurasa. "Inaruhusiwa," likasema. "Kanuni inasema kabla ya kubonyeza. Haisemi kubonyeza kwa lini. Arudishe mbonyezo mmoja wa zamani, apewe nusu sekunde yake. Lakini picha ya mbonyezo huo itakuwa haijapigwa. Atabaki na kumi."

"Na uelewe," kikasema kioo, "mimi naonyesha. Sihifadhi."

Nikaomba muda wa kufikiri. Nikazipitia moja moja kichwani, kuanzia ya kwanza, kama ninavyopitia picha za harusi kabla ya kumpa mteja. Kupoteza picha yake hata moja si jambo la kuamua ukiwa umesimama, nikaketi. Mwisho nikachagua ya tisa. Hiyo nakumbuka kwamba alicheka, ila nilikuwa nimesahau alichekaje.

"Ya tisa," nikasema.

Koti likapiga muhuri. Kidole changu cha shahada kikanyanyuka chenyewe kutoka kwenye kitufe, na benchi likawa ua wa nyumbani kwetu, Mji Mwema.

Twilumba amekaa kwenye kigoda, anachambua maharage kwenye ungo. Amevaa sweta la kijani lililotoboka kiwiko. Mimi nimepiga goti, kamera iko usoni.

"Baba Lusungu," anasema, "hiyo ni picha au unaotea kwale?"

"Tulia kidogo."

"Kwale mwenyewe angekuwa ameshafika Makambako."

Na anacheka. Anaanza na mabega. Hilo ndilo nililokuwa nimesahau, mabega kwanza, kisha kidevu, kisha sauti. Mkono wenye maharage unapanda kufunika pengo la jino, na maharage mawili yanaanguka.

Nusu sekunde ni ndefu mradi hujabonyeza. Kuku anapita, anarudi. Ukungu unashuka mpaka kwenye paa la jirani, unaondoka. Maharage mawili bado hayajafika chini. Mkono wake bado haujafika mdomoni.

Nyuma yangu benchi zima limekuja kuchungulia. Fremu Mia Mbili peke yake amejaza ua. Kamera mpya inaninong'oneza sikioni.

"Bonyeza, mzee, tuone."

"Nikibonyeza atanuna."

"Sasa utafanyaje?"

"Nitakaa hivi."

"Kidole kitachoka," linasema koti. "Na foleni ndiyo hiyo, ndefu."

"Kitachoka, ndiyo."

Kamera mpya inafikiri. Kwa mara ya kwanza nauona ukingo wake mmoja, mkali, mzuri. "Mzee, nikitoka, hili nitaliweza?"

"Sijui," naiambia. "Njoo kwanza. Tutaona."

Kidole bado kiko juu. Twilumba anacheka.

"Hodi humu. Hodi jamani."

Nikafumbua macho. Mlangoni alisimama binti wa chuo cha uuguzi, amekuja kupiga pasipoti, na koti la msumarini ameshalivaa mwenyewe.

"Shikamoo, mjomba. Nimebisha mpaka nimechoka."

"Marahaba. Nilikuwa nasafisha kioo."

"Umefumba macho? Na hicho kidole vipi, mbona umekinyanyua hivyo?"

Kidole changu cha shahada kilikuwa hewani, kimekakamaa. Nikakishusha polepole, kinauma mpaka kwenye kiwiko. Nikarudisha lenzi, nikawasha kamera, nikatazama namba kama kawaida.

41,205.

Nikafungua daftari. Kwa mwandiko wangu, kwa tarehe ya siku hiyohiyo: 41,206. Nikazima kamera, nikawasha tena. Nikapeleka daftari dirishani penye mwanga. Sikumwambia mteja kitu, maana yeye alikuja kwa ajili ya picha nne tu.

Alikuwa anacheka mikono ya koti ilivyomzidi. "Hivi hili limevaliwa na watu wangapi?"

"Wengi. Linawajua."

Akacheka zaidi, akakaa mbele ya pazia la bluu. Pazia lilikuwa na unyevu upande mmoja, lakini mvua ilikuwa kubwa na paa langu si la kuaminika, kwa hiyo hilo silihesabu. Nikasema tayari, akavaa uso wa picha. Mimi nikabaki nachungulia.

"Mjomba, hubonyezi?"

"Nabonyeza."

Albamu ya Twilumba iko kabatini, chini ya pazia la akiba. Kama koti lilisema kweli, humo sasa mna kumi. Leo nimelifungua kabati mara mbili, nikatoa pazia, nikalikunja vizuri, nikalirudisha bila kuifungua albamu. Kioo nacho bado nusu yake ina vumbi. Pampu sijaishika tena, nisije nikamkatiza mtu anazungumza. Vyote viwili nitavimaliza kesho.