Watoro wa Saa Nane

Mtaani walimwita Dokta, na usidhani ni kwa heshima. Siku aliporudi nyumbani na shahada yake ya uzamivu katika utafiti wa huduma za afya, jirani alimfunulia goti lililovimba, akamwambia, "Haya Dokta, lishike." Alipojibu kwamba yeye hatibu watu, anachunguza kwa nini hospitali zenyewe zinaugua, jirani akalifunika goti lake na kuguna. "Kumbe miaka yote ile ulikuwa unasomea umbea?"

Maneno yale yalimchoma, maana waajiri nao walimwambia yaleyale kwa lugha ya adabu. Huyu anasema amesoma mno, yule anasema nadharia haimwinui mgonjwa kitandani. Sasa hospitali kuu ilikuwa imemwahidi usaili, na swali la kujiandaa nalo lilikuwa hili: kwa nini wazee wengi wa kliniki ya presha hawarudi? Nafasi ilikuwa moja tu. Binti akajifunga kibwebwe, akaapa kwamba safari hii hatoki mikono mitupu.

Alikuwa amezama kwenye makala zake, mama yake akikunja nguo pembeni, simu ilipolia. Mama aliichukua, akaisogeza mbali na macho, akasoma: "Fika kwenye usaili Alhamisi, saa 8:00." Akaiweka mezani. "Saa nane. Vizuri, utakula kwanza."

"Ni saa mbili asubuhi, mama."

"Imeandikwa nane, wewe unasema mbili! Huko chuoni mlifundishwa kusoma au kubahatisha?"

"Hiyo ni saa ya kompyuta, inahesabu kuanzia saa sita usiku." Alicheka, kisha akaweka makala zake chini. "Mama, wewe kliniki ya presha huwa unakwenda saa ngapi?"

Mama aligeukia nguo zake. "Saa wanayoniandikia. Nakuta kufuli, mlinzi ananiambia wameshaondoka. Mwishowe muuguzi akaniita mtoro mbele za watu, mimi mama mzima! Nikasema basi, presha na ipande ikitaka. Wewe ulikuwa masomoni, ningekwambia ili iweje?"

Hasira zilimpanda binti. Angeweza kukimbilia hospitali saa ileile akawapasha. Lakini msimamizi wake wa chuo, mtu aliyezoea kufuta sura nzima ya tasnifu kwa kalamu nyekundu, alikuwa na wimbo mmoja: kabla hujauliza kwa nini watu hawaji, uliza kama kweli hawaji. Na ukimletea kisa cha mtu mmoja, alikutazama tu na kuuliza, "Huyo nani, shangazi yako?"

Kesho yake saa nane mchana, binti akaenda kukaa kwenye benchi nje ya kliniki. Mlango umefungwa, sakafu bado mbichi kwa kupigwa deki. Akaja mzee mwenye mkongojo, akatikisa kitasa, akasonya. Wakaja kina mama wawili wameshikana mikono. Aliwaomba waonyeshe ujumbe wao: 8:00, wote. Akarudi siku iliyofuata, na nyingine tena, maana siku moja nayo ni shangazi tu.

Alhamisi, saa mbili asubuhi, mganga mkuu alimpokea na miwani yake juu ya paji la uso. "Wenzako wameshauri tuwaelimishe wazee kuhusu dawa. Wewe una lipi?"

"Wazee wanakuja, mganga mkuu. Wanakuta mmefunga." Akamsogezea simu. "Naomba usome mlivyoniita."

"Fika kwenye usaili Alhamisi, saa mbili..."

"Imeandikwa mbili?"

Mganga mkuu akashusha miwani, akasoma tena. "Imeandikwa nane."

"Sisi tuliosoma tunaona nane na kutamka mbili, wala hatujistukii. Wao wanaona nane, wanakuja saa nane."

"Hilo halihitaji uzamivu," mganga mkuu alisema, uso umemshuka. "Mtu yeyote angeliona."

Binti hakurudi nyuma. "Angeliona, ndiyo. Mbona hajaliona? Mimi sikwenda kusomea akili. Nilifundishwa nisimwite mtu mtoro kabla sijakaa kwenye mlango anaogonga."

"Na ukiwa umekosea?"

"Nitakuwa wa kwanza kukwambia. Tubadilishe ujumbe wa kliniki hii peke yake, nyingine tuziache kama zilivyo, kisha tulinganishe. Ikishindikana, nifukuze."

Mganga mkuu alimkazia macho, halafu akacheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Jumatatu uanze. Saa mbili. Ya asubuhi!"

Wiki chache baadaye simu ya mama ililia uani. Akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti: "Mama yetu, tunakungoja kliniki Jumanne, saa mbili asubuhi." Akasoma tena, polepole. Binti alikuwa dirishani, machozi yakimlengalenga, akajifanya anafuta kioo.

"Sasa aliyeandika hii amesoma," mama alisema.

Jirani alichungulia juu ya ua. "Nani, Dokta wako?"

"Ndiye, Dokta wangu," mama akajibu, akiinuka kwenda kutafuta viatu vyake vya kutokea. "Na hilo goti lako lipeleke kwa wanaotibu magoti."