Mtani Hakasiriki

Sheria ya kazi huwapa wagombanao siku thelathini za usuluhishi, na hii ilikuwa ya thelathini. Benedikta alikuwa ameingia chumba kile cha usuluhishi cha Kanyenye, Tabora mjini, mara tano, na mara tano alitoka mikono mitupu. Nyuma yake walikuwa wenzake arobaini wa kiwanda cha asali, waliokaa kambini kule msitu wa Sikonge msimu mzima bila kuonja nyumbani. Hawakudai shilingi. Walidai kwenda kwao siku nne mfululizo kila mwezi, kuanzia Ijumaa hii. Wakikosa, kesho ni notisi ya mgomo, na mgomo una njaa yake.

Yeye alikuwa na dai ndani ya dai. Mwanawe Tekla, wa miaka minne, analelewa na bibi yake kijijini huko Igunga. Kutoka kambini ni safari ya siku nzima. Alimtamani mtoto yule hadi harufu ya nywele zake ikawa inamjia akiwa anachuja nta. Juzi alikuwa amemdokeza bibi yule kwamba Ijumaa huenda akafika.

Bi Zuwena, msuluhishi, mwanamke wa mjini asiyependa watu wanuniane mbele yake, alifunga faili.

"Bwana Majidi, wewe si Mzaramo? Na huyu Mnyamwezi. Watani wazima mnaangaliana kama polisi na mwizi! Hebu tanianeni kwanza."

Majidi, mwenye kiwanda, uso ulimfunguka. "Babu zenu walibeba meno ya tembo mpaka Bagamoyo, miezi na miezi njiani. Ninyi msimu mmoja tu mnalia!"

Mtani hakasiriki. Benedikta akajibu, "Walibeba, mtani, na ninyi mkawangoja pwani mmekaa kitako."

Chumba kizima kikapumua. Ulimi wa Benedikta ulikuwa umeshakolea, akasema lile alilolificha siku zote. "Tena babu aliporudi, watoto walimkimbia wakidhani mgeni. Na mimi wangu ananiita dada. Mama ni bibi yake!"

Majidi alicheka hadi akafuta machozi. "Wanyamwezi ninyi, mtaniua!"

Bi Zuwena naye alicheka. Ilikuwa kweli tupu, lakini nani husikiliza kweli ndani ya utani? Kosa lilikuwa lake Benedikta. Angelisema amenuna, wangelimsikiliza.

Kicheko kilimlainisha Majidi. "Haya. Siku mbili kila baada ya wiki mbili, kuanzia Ijumaa hii. Lori langu litawapeleka Tabora mjini na kuwarudisha. Nne mfululizo hapana, mashine zitalala."

Siku mbili! Moja ya kwenda Igunga, moja ya kurudi. Akifika ni kugeuza. Lakini waliokuwa wakingoja kule kambini karibu wote ni wa Isevya na Ipuli, hapo hapo Tabora mjini. Akikataa, anawaponza wote kwa ajili ya mtoto mmoja.

"Mmeridhika?" Bi Zuwena aliuliza, safari hii hatanii.

"Tumeridhika," Benedikta alisema, akatia saini.

Barazani mwenzake Adelina wa Ipuli alipiga vigelegele, akamkumbatia. "Ijumaa nalala na wanangu!"

Benedikta alimfurahia, Mungu shahidi, na alimwonea wivu pia. Akajitenga, akampigia mama yake simu.

"Shikamoo mama. Usimwambie Tekla chochote kuhusu Ijumaa."

"Marahaba, mwanangu. Mbona nimeshamwambia? Gauni la sikukuu amelivaa tangu asubuhi, hataki kulivua."